Maisha ya Ian Curtis, Karani Aliyeimba

Mwaka jana, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, nilimwona kijana mmoja wa shule yetu amevaa fulana nyeusi yenye mistari myeupe iliyopanda na kushuka katikati ya kifua. Nilimwuliza picha ile ni ya nini. Alinijibu kwa adabu kwamba ni milima, pengine Rwenzori, na kwamba aliinunua katika mitumba ya soko la Owino mjini Kampala kwa sababu ilimpendeza. Wenzake wawili walisema kuwa fulana hiyo wameiona mara nyingi, ila hakuna aliyewaeleza asili yake. Siku ile kengele ya chakula ilitukatiza. Sasa mhariri wa sehemu ya Kiswahili amenipa nafasi, nami namshukuru.

Picha ile si ya milima. Ni ya jalada la santuri iitwayo Unknown Pleasures, iliyotolewa Uingereza mwezi wa Juni 1979 na bendi ya vijana wanne iliyojiita Joy Division. Mwimbaji wao alikuwa Ian Curtis. Nataka kuwasimulia maisha yake, maana ni mafupi na yana mafunzo, na santuri yenyewe naihesabu kuwa ni kazi bora kuliko nyingi nilizopata kusikia. Tena ninayo sababu yangu mwenyewe ya kuandika, nayo mtaiona hapo mbele.

Ian Curtis alizaliwa tarehe 15 Julai 1956 katika hospitali ya Stretford, karibu na Manchester, akalelewa katika mji wa Macclesfield. Mji huo nimeufika. Nilipokuwa nikisoma Manchester mwaka 2009 nilipanda gari moshi Jumamosi moja, na safari haikufika hata nusu saa. Ni mji wenye vilima, na zamani ulisifiwa kwa viwanda vya hariri. Nyumba zake nyingi ni za mawe au matofali, ndogo, zimeshikana mstari mmoja, na mlango wa kila nyumba unafungukia njiani. Hakuna jambo katika mji huo ambalo lingemfanya mgeni adhani kwamba mtu wa kujulikana ulimwenguni alitoka pale.

Curtis alikuwa mtoto mwenye akili. Alipokuwa na miaka 11 alishinda mtihani akaingia King's School, shule yenye sifa katika mji wake. Alipenda historia na mashairi, na alisoma vitabu kuliko alivyotakiwa na walimu. Lakini, kama wengi wetu tunavyowajua vijana wa namna hiyo, hakupenda kufuata njia aliyochorewa. Aliacha masomo ya juu kabla ya kuyamaliza, akafanya kazi katika duka la santuri mjini Manchester, kisha akaingia kazi ya serikali akiwa karani. Tarehe 23 Agosti 1975 alimwoa Deborah Woodruff, msichana wa mji ule ule. Bwana arusi alikuwa na miaka 19, na bibi arusi alikuwa hajatimiza hata hiyo.

Mwaka 1976 bendi ya Sex Pistols kutoka London ilipiga muziki mara mbili katika ukumbi mdogo wa Free Trade Hall mjini Manchester. Waliohudhuria hawakuwa wengi, lakini wengi wa hao wachache walitoka pale na wazo moja, kwamba muziki si mali ya mafundi peke yao. Vijana wawili wa Salford, Bernard Sumner na Peter Hook, waliamua kuunda bendi ingawa hawakujua kupiga magitaa. Walipotafuta mwimbaji walimpata Curtis. Mwaka uliofuata walimpata na mpiga ngoma, Stephen Morris, ambaye naye alikuwa amesoma King's School ya Macclesfield. Kwanza walijiita Warsaw. Mapema mwaka 1978 wakachukua jina la Joy Division, lililotoka katika hadithi ya wanawake waliotumikishwa katika kambi za Wanazi. Jina hilo liliwaletea lawama, na mimi nasema kuwa lawama hizo zilikuwa za haki. Vijana hupenda kushtua watu kabla ya kupima uzito wa jambo.

Sasa niwaeleze jinsi walivyofanya kazi, kwa kuwa hapa ndipo kipawa cha Curtis kilipokuwa. Yeye hakuwa mpigaji hodari wa chombo chochote. Wenzake walipokuwa wakifanya mazoezi katika chumba cha baridi, wakipiga hili na lile bila mpango, yeye alikaa akisikiliza. Ghafula aliwasimamisha, akawaambia warudie kipande fulani walichokwisha kukipita. Wao wenyewe hawakukumbuka wamekipiga. Kipande kile kilikuwa wimbo. Wenzake watatu wameeleza habari hii mara nyingi katika miaka iliyofuata, na wote wanakubaliana kwamba yeye alikuwa sikio la bendi. Hata upigaji wa besi wa Peter Hook ulikuzwa hivyo. Chombo cha kukuza sauti cha Hook kilikuwa hafifu, kwa hiyo ili ajisikie mwenyewe ilimbidi apige nyuzi nyembamba za juu. Curtis aliusikia mlio huo akaupenda, akamtaka aendelee nao.

Katika bendi zetu za dansi tumezoea gitaa la solo kuongoza na besi kufuata nyuma likishika mwendo. Katika santuri hii mambo yamegeuzwa. Besi ndilo linaloimba, gitaa linakwaruza pembeni kama mtu anayeparuza bati, na ngoma zinapiga kwa ukavu bila mapambo. Juu yake kuna sauti nene ya Curtis, sauti ya mzee katika kifua cha kijana wa miaka 22.

Santuri ilirekodiwa mwezi wa Aprili 1979 katika studio ya Strawberry, mji wa Stockport. Mtengenezaji wake alikuwa Martin Hannett, mtu mwenye tabia ngumu lakini fundi kweli. Alimlazimisha Morris kupiga kila ngoma peke yake, ili sauti ya moja isiingiliane na ya nyingine. Alitumia mashine mpya za kuchelewesha sauti, akarekodi mlio wa lifti ya jengo na wa chupa inayovunjika. Baadhi ya vijana walipousikia muziki wao uliokwisha kutengenezwa hawakufurahi. Wao walizoea kupiga kwa kelele na ghadhabu, na Hannett alikuwa amewapa nafasi kubwa tupu yenye mwangwi, kama ukumbi ambao watu wamekwisha kutoka. Wao walitaka watu waruke. Baada ya miaka mingi walikiri kuwa Hannett alikuwa amesikia katika nyimbo zile jambo ambalo wao hawakulisikia.

Na jalada, lile la fulana? Bernard Sumner aliiona picha ile katika kitabu cha elimu ya nyota. Mwaka 1967 mwanafunzi wa Cambridge aitwaye Jocelyn Bell aligundua mawimbi ya redio yaliyotoka mbinguni kwa kipimo kisichobadilika, kila baada ya sekunde moja na theluthi. Yalikuwa yakitoka katika nyota ya aina ambayo sasa huitwa pulsa, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka. Mistari ile ni mawimbi hayo, pigo moja juu ya jingine. Mchoraji Peter Saville aliyageuza yakawa meupe juu ya weusi, wala hakuandika mbele jina la bendi wala la santuri. Kwa hiyo, kijana wangu wa fulana, kifuani mwako umevaa mapigo ya nyota iliyokufa.

Nimesema kwamba Curtis alikuwa karani. Kwa kazi ya muziki wakati ule hakupata riziki ya kutosha, na mchana alikaa mezani katika ofisi ya kazi ya Macclesfield. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia walemavu na wagonjwa wa kudumu kutafuta ajira. Waliofanya kazi naye walimsifu kuwa alikuwa mpole na mwenye kuwajali sana wale waliokuja mbele ya meza yake. Mmoja wao alikuwa msichana mwenye kifafa. Alikuwa na hamu ya kazi, lakini alikuwa akianguka, na kila siku zilivyopita matumaini yake yalipungua. Baadaye msichana yule hakuja tena. Curtis alidhani amepata kazi. Alipouliza akaambiwa kwamba amekufa, na kilichomwua ni ugonjwa wake.

Kutokana na msichana huyo alitunga wimbo uitwao She's Lost Control, ambao umo katika santuri hii. Ni wimbo wa kutisha kidogo kwa anayeusikia mara ya kwanza. Ngoma hurudia pigo lile lile bila huruma, kama mashine isiyojua kuwa mtu ameanguka. Mwimbaji hamwonei msichana huruma ya maneno matamu, wala hamfanyii mahubiri. Anaeleza tu alichokiona akiwa amesimama karibu, bila kugeuza uso.

Hapa ndipo inapoingia sababu yangu. Nilipokuwa kidato cha pili tulikuwa na mwenzetu bwenini ambaye jina lake sitalitaja. Usiku mmoja wakati wa masomo ya jioni alianguka na kifafa. Sisi sote tulikimbia. Tulikuwa tumefundishwa nyumbani kwamba mate ya mwenye kifafa huambukiza, na kwamba ukimgusa wakati ule ugonjwa utakuhamia. Alipozinduka alijikuta sakafuni peke yake katika chumba cha viti vilivyopinduliwa. Toka siku ile kikombe chake kiliwekwa mbali na vyetu. Kitanda changu kilikuwa karibu na chake, nami nikakisogeza hadi dirishani, yeye akinitazama. Hakusema neno. Muhula uliofuata hakurudi, wala sikumwona tena mpaka leo. Hakuna mkubwa aliyetuamuru kufanya hivyo. Tulifanya wenyewe, na kitanda nilikisogeza mimi kwa mikono yangu.

Basi nilipousikia wimbo ule kwa mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima ugenini, na kisha nikaambiwa asili yake, niliona haya. Karani mmoja wa Macclesfield, kijana wa umri wangu wa wakati ule, alikuwa na mgonjwa wa kifafa mbele yake akamtazama usoni. Mimi nilihama.

Lakini habari haikuishia hapo. Wimbo ulikuwa umekwisha kutungwa wakati Curtis mwenyewe alipoanguka. Ilikuwa tarehe 27 Desemba 1978, walipokuwa wakirudi kwa gari kutoka London ambako walipiga muziki usiku. Mwezi uliofuata madaktari walithibitisha kuwa ana kifafa. Alipewa dawa za siku zile, ambazo zilikuwa kali, zikimlemea mwili na kubadilisha moyo wake. Aliambiwa alale mapema, asinywe pombe, na ajihadhari na taa za kumetameta. Tafakarini maisha ya mwanamuziki, mtaona kwamba alikatazwa karibu kila kitu alichokuwa akikifanya. Na katika mwezi ule ule wa Aprili waliporekodi santuri, mkewe alijifungua binti, Natalie. Curtis aliogopa hata kumbeba mtoto wake, asije akaanguka naye.

Aliendelea kuimba. Jukwaani alikuwa na namna yake ya kucheza, mikono ikienda kasi na macho yakitazama mbali, na watu walikuja kuiona. Mara nyingine uchezaji ule uligeuka ukawa kifafa chenyewe, na wenzake wakambeba kumtoa. Katika ukumbi wako walioshangilia wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mimi nilikimbia kwa kuogopa, na wale walipiga makofi kwa kupendezwa. Sijui kama tofauti yetu ni kubwa mbele ya aliyeanguka.

Mwaka 1980 mambo yalizidi. Bendi ilikuwa inapata sifa, safari zikawa nyingi, usingizi ukawa haba, na ndoa yake ikawa inavunjika. Mwezi wa Machi walirekodi santuri ya pili, Closer, mjini London, na maneno ya nyimbo zake yalikuwa mazito kuliko yale ya kwanza. Mwezi wa Aprili alijaribu kujidhuru, akapelekwa hospitali, na haukupita muda akawa amesimamishwa tena jukwaani. Mara yake ya mwisho kuimba mbele ya watu ilikuwa tarehe 2 Mei mjini Birmingham. Siku ya Jumatatu, tarehe 19 Mei, walikuwa waondoke kwa safari yao ya kwanza ya Marekani. Jumapili ya tarehe 18 Ian Curtis alijiua nyumbani kwake, nambari 77 mtaa wa Barton, Macclesfield. Alikuwa na miaka 23.

Wenzake watatu waliishi, wakaunda bendi nyingine iitwayo New Order, ambayo ilipata mafanikio makubwa. Wote wamesema kwa nyakati mbalimbali, kwa majuto, kwamba hawakuyasikiliza sawasawa maneno aliyokuwa akiyaimba. Walidhani ni utungaji tu, kwamba anasema habari za watu wengine. Nao walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, na yeye kila alipoulizwa alijibu kuwa hajambo. Siwahukumu. Lakini ni jambo la kuhuzunisha kwamba mtu aliyekuwa sikio la wenzake, aliyekisikia kipande kizuri katikati ya kelele, na aliyemsikia msichana mmoja katika ofisi ya watu wengi, yeye mwenyewe hakusikika.

Closer ilitoka mwezi wa Julai 1980, naye hakuiona. Toka hapo sifa yake haikupungua. Mwaka 1995 Deborah alitoa kitabu cha maisha yao, na mwaka 2007 ilitolewa filamu iitwayo Control. Wapo wanaokitukuza kifo chake kana kwamba ndicho kilichozifanya nyimbo kuwa nzuri. Nawaomba vijana msifuate mawazo hayo. Unknown Pleasures ilikamilika zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kifo chake, nayo ilikuwa nzuri tangu siku ile. Ilitengenezwa na mtu aliye hai, aliyeamka asubuhi kwenda ofisini, aliyekuwa na mke na mtoto na wenzake wa kutaniana nao. Kifo hakikuongeza hata wimbo mmoja. Kilikatiza.

Katika makaburi ya Macclesfield niliona jiwe lake. Ni dogo, la kando ya njia, na ukipita haraka hutaliona. La kwanza liliibwa mwaka 2008 na mahali pake likawekwa jingine. Siku ile kulikuwa na maua, sarafu na barua zilizolowa mvua, za watu waliotoka nchi mbalimbali. Mimi sikuwa na barua. Nilisimama kidogo nikamkumbuka yule mwenzetu wa bwenini, ambaye huenda yu hai na huenda amekufa, na ambaye sikumwomba radhi.

Namaliza kwa mambo mawili ambayo laiti ningaliambiwa nilipokuwa kidato cha pili. La kwanza: mwenzenu akianguka na kifafa msimkimbie. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kugusana. Ondoeni vitu vinavyoweza kumwumiza, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, msimtie kitu chochote mdomoni wala msimkamate kwa nguvu. Mwili ukitulia mlazeni ubavu, na mmoja akae naye mpaka azinduke kabisa. Mkiona mtukutiko umepita dakika tano, aitwe daktari upesi. Dawa za leo ni bora kuliko zile alizopewa Curtis, na wengi wanaozitumia husoma, hufanya kazi na kulea watoto. La pili: mwenzenu akisema au akiandika kwamba amechoka na maisha, msidhani ni utungaji. Mwulizeni, kaeni naye, na mpelekeni kwa mwalimu, muuguzi au mzazi siku ile ile. Na wewe unayejisikia hivyo, mwambie mtu, wala usijibu kuwa hujambo.

Kijana wa fulana, endelea kuivaa. Ila siku moja itafute santuri yenyewe, ukae mahali pa kimya uisikilize tangu wimbo wa kwanza hadi wa kumi. Pengine usiipende mara ya kwanza, maana hata baadhi ya walioipiga hawakuipenda. Isikilize tena.